Ala tupu si ngeni Nyasa

Sikubaliani na wanaodai kwamba posti-roki, muziki wa magitaa unaopanda taratibu, mara nyingi bila mwimbaji, hauwezi kumteka Mtanzania kwa kuwa hauna maneno. Tazameni mganda, mchezo wa ngoma wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Ulienea baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ukiiga bendi za kijeshi: vibuyu vikashika nafasi ya tarumbeta, ngoma ikaongoza hatua za gwaride. Mtoto wa Liuli au Mbamba Bay anaweza kuupenda kwa mlio na marudio yake kabla hajaelewa neno lolote linaloimbwa.

Mtu atapinga kwamba mganda huchezwa, ilhali Mogwai, bendi ya posti-roki ya Glasgow, husikilizwa watu wametulia. Ni kweli, lakini hoja yangu ni namna penzi linavyoanza: kote kuwili sauti hutangulia, maana hufuata. Hata filamu ya Friday Night Lights ya 2004 iliwafikishia wengi muziki wa posti-roki wa Explosions in the Sky kabla hawajaijua bendi yenyewe. Redio zetu za Ruvuma zisiogope kupiga ala tupu; masikio ya Mbinga na Nyasa yamekwisha kuandaliwa.