Saa Yajua Alipo, Nyumbani Hatujui



Juma lililopita alinijia mama mmoja, hasira yake imechanganyika na hofu. Binti yake hukimbia kila alfajiri kandokando ya bahari, pale Mama Ngina, Mombasa, na siku hizi simu huiacha nyumbani, akavaa saa ya GPS tu. Siku hiyo aliteguka kifundo cha mguu, akachelewa kurudi kwa saa nzima, nyumba yote ikataharuki. "Sheikh," akaniambia, "yeye hunihakikishia kuwa saa ile inajua alipo. Mbona sisi hatukujua?"

Swali lake ni la haki, na jibu lake ni jepesi: kujua si kuarifu.

Saa hiyo husikiliza setilaiti zilizo juu yetu zaidi ya kilomita 20,000. Ikipata ishara za setilaiti nne au zaidi, hupima muda ambao kila ishara imetumia kufika, ikatambua mahali ilipo. Kazi hiyo haihitaji simu, wala laini, wala bando. Lakini ni kazi ya kupokea tu. Saa haimpelekei neno setilaiti, seuze mama aliyeko jikoni. Habari za mbio hukaa mkononi mwa binti mpaka atakaporudi na kuiunganisha na simu yake. Zipo saa zenye laini yake, ziwezazo kupiga simu, nazo bei yake huwa juu na laini hulipiwa. Nyingine zina kitufe cha kuomba msaada, ila nyingi kati ya hizo hupitishia ombi hilo katika simu iliyo karibu. Simu ikibaki nyumbani, kitufe hicho ni pambo.

Je, binti alikosea kuiacha simu? Sioni hivyo. Simu mkononi humvuta mnyang'anyi, na kila ikilia humkatiza mtu pumzi na fikra zake. Saa humwonyesha umbali na mwendo wake, basi. Raha hiyo tusimnyime. Kilichokosekana ni makubaliano, na tawakali haimfungui ngamia kamba yake.

Basi na aseme kabla ya kutoka: nitapita njia hii, nitarudi saa hii. Asibadili njia bila ya kuaga. Achukue kikaratasi chenye nambari ya nyumbani na shilingi chache za nauli. Akipata mwenzake wa kukimbia naye, ni bora zaidi.

Liko na jambo la pili. Watu wengi huzitandaza mbio zao mitandaoni. Mwezi wa Januari 2018 ulimwengu uligundua kuwa ramani ya mbio iliyotolewa na Strava ilikuwa imefichua njia za wanajeshi ndani ya kambi zao. Ikiwa kambi hufichuka, mlango wa nyumba yako je? Kwa hiyo mabinti wafiche mwanzo na mwisho wa mbio zao, na ramani waione wanaowajua tu.

Mama yule na bintiye wameshakubaliana. Mguu ukipona, marejeo ni saa moja kasorobo. Ikigonga saa moja hajafika, kaka yake atashuka kwa njia ile ile kumtafuta.