Tusioshee Injini Kwenye Mchanga Tunaokunywa

Mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za vuli, mito mingi ya Kitui na Makueni huwa mchanga mtupu. Maji yako chini. Asubuhi moja upande wa Kitui nilimkuta mama amepiga magoti ndani ya kisima alichokifukua mtoni, akichota kwa kata kidogo kidogo, akingoja maji yajikusanye tena, kisha akimimina kwenye mtungi wa lita 20. Punda wake alisimama kando akisubiri mzigo. Hatua kama hamsini juu yake, penye kivuko, vijana wawili walikuwa wamefungua boneti ya pikapu, wakisugua injini kwa brashi waliyoichovya kwenye mafuta ya taa yaliyochanganywa na sabuni ya unga. Maji ya kusuuzia walikuwa wameyachota mtoni papo hapo. Uji mweusi ukadondoka chini ya gari na mchanga ukaunywa. Baada ya dakika chache doa halikuonekana tena, na kila mtu akaendelea na kazi yake.

Wale vijana hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wakitafuta riziki, tena kwa bidii, na hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba kile kisichoonekana juu ya mchanga hakijaondoka. Ndiyo sababu nakuandikia wewe mwenye gari, wewe dereva wa matatu au lori, nawe kijana unayeishi kwa kuosha magari.

Sisi wa Ukambani tunajua mchanga ni tangi letu. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL limeshirikiana na wanakijiji wa Kitui kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga, na Makueni nako vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vimebeba mawe na saruji kwa kazi hiyo hiyo. Ukuta hujengwa juu ya mwamba kukatiza mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga hadi ukajaa. Kisha maji hukaa katikati ya chembe, robo ya ujazo wote au zaidi, yakiwa yamekingwa na jua kali. Lakini chembe zile zile zinazotuhifadhia maji hushika na oili pia. Ukimwaga mafuta pale, umeyamwaga ndani ya tangi, na tangi hilo halina mfuniko wala bomba la kulisafisha.

Haya, injini ni lazima ioshwe. Vumbi jekundu la barabara zetu likikutana na oili inayovuja hugeuka utandu mzito unaozuia joto kutoka na kumficha fundi mahali penye uvujaji. Swali ni dawa ipi.

Petroli iondoe kabisa mawazoni. Mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo ya beteri, na watu wameungua kwa namna hiyo. Mafuta ya taa na dizeli ni afadhali kidogo kwa moto, lakini hulainisha na kuvimbisha paipu za mpira, mikanda na sili, na huacha utando unaokaribisha vumbi jipya. Wala hoja ya kwamba mafuta ya taa ni rahisi haina nguvu tena: mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kukomesha uchanganyaji wa mafuta. Kostiki soda, ambayo wengine huipenda kwa kuwa inakata grisi upesi, hula aluminiamu, na injini za magari mengi ya leo zina aluminiamu tele. Huchoma ngozi na macho pia.

Nunua dawa ya kuondoa grisi inayochanganywa na maji. Geuza chupa usome mgongo wake. Tafuta maneno yanayosema haina mafuta ya petroli, ni salama kwa aluminiamu na mpira, na huvunjwavunjwa na vijidudu ardhini. Kama pH imeandikwa na inakaribia 14, irudishe kwenye rafu. Chupa isiyo na maandishi, ile inayojazwa kutoka kwenye pipa, usiichukue hata ukipewa bure.

Lakini hapa ndipo wengi hudanganyika, na naomba unisikilize vizuri. Dawa njema haiifanyi oili kuwa njema. Sabuni huoza, oili ya injini iliyong'olewa na sabuni hiyo inabaki oili, na sasa imesagwa vipande vidogo vinavyosafiri na maji kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mahali unapooshea ni muhimu kuliko chupa uliyonunua.

Mimi siku hizi situmii bomba la shinikizo. Nasubiri injini ipoe, natoa waya hasi wa beteri, nafunika altaneta na sanduku la fyuzi kwa mfuko wa plastiki. Nakwangua kwanza utandu mzito kwa kijiti, nautia kwenye kopo. Kisha napaka dawa kwa brashi, naiacha dakika chache bila kukauka, nafuta kwa tambara bichi. Ndoo moja hutosha, na maji machafu yote huangukia kwenye beseni nililolitandika chini. Katika nchi yenye kiu kama yetu, huo pia ni uungwana.

Kwa wenye biashara, sakafu ya saruji yenye mtaro na shimo la kutenganisha mafuta, mbali na mto, ni gharama, najua. Serikali za kaunti zetu mbili ziwasaidie vijana kujenga sehemu hizo Wote, Kitui mjini, Emali na Kibwezi, badala ya kuwafukuza tu kandokando ya mito. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, yule mama wa kata akiwemo.

Mvua za vuli zikija, mafuriko ya kwanza hubeba kila kilichomwagwa kivukoni hadi kwenye bwawa linalofuata. Nakuomba, ndugu yangu: kabla hujafungua boneti, liondoe gari mtoni.