Mnanunua Macho, Mnasahau Miguu

Tuambiane ukweli leo. Ile darubini ndogo mnaona kwenye matangazo, ya kufungia simu, bei ya raba za mtumba, ati inavuta mara 300 mpaka unahesabu mashimo ya mwezi, ni uongo. Sijasema "labda". Ni uongo wa hesabu, na nitawaonyesha.

Najua kwenye inbox yangu nani anauliza. Ni vijana wanaoongoza watalii huko Naro Moru na Nanyuki, ni wasee wa kupanda Aberdare wikendi, ni mbogi imechanga pesa ya chama inunue skopu moja ya kuonyesha wageni ndege na wanyama. Hiyo ni doo ya jasho. Na swali ni lile lile kila siku: "Gani inavuta zaidi?" Bana, hilo ndilo swali muuzaji anaomba umuulize.

Hapa kwetu uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku 1977, na mimi siulilii hata kidogo. Lakini ukitaka kujua kifaa gani kinafanya kazi mlimani, angalia wawindaji wa Alaska. Kuna kondoo wa mwitu weupe huko, wanaitwa Dall. Sehemu kubwa ya Alaska, dume ni halali tu kama pembe imezunguka duara kamili, au ncha zote mbili zimevunjika, au ana miaka 8 kwenda juu. Na umri wake unasomwa kwa mistari ya pembe. Sasa imagini mnyama yuko ng'ambo ya bonde, upepo unapiga, na lazima uwe na uhakika kabla ya risasi. Ukikosea umevunja sheria, na mnyama harudi. Mtu wa kazi kama hiyo hatafuti mara 300. Anatafuta picha iliyotulia.

Hesabu sasa. Niliacha chuo, lakini kugawanya sikuacha. Skopu ikiandikwa 20-60x65, inavuta kutoka mara 20 hadi 60, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 65. Gawanya 65 kwa 20, unapata 3.25. Huo ndio upana wa mwanga unaofika kwa jicho lako, kwa milimita. Vuta mpaka 60, inabaki 1 na kitu. Mboni ya kijana gizani inafunguka milimita 6 hivi, hata 7. Kwa hivyo saa kumi na mbili jioni, wakati wanyama ndio wanatoka, ukivuta mpaka mwisho unaangalia uji wa kijivu. Sasa chukua hiyo ya mara 300 yenye kioo cha milimita 40. Gawanya mwenyewe, mimi nangoja hapa.

Na mchana? Mchana jua likipasha mawe, hewa inacheza kama ile juu ya lami ya Mombasa Road. Ukivuta zaidi ya mara 30 au 40, unavuta pia huo mchezo wa hewa. Hakuna kioo cha bei yoyote kinatibu hiyo.

Lakini kitu inaniudhi kabisa ni tripodi. Msee anamaliza pesa yote kwa skopu, halafu anaiweka kwa tripodi nyepesi ya kurekodia video za simu. Kwani ni nini? Ukivuta mara 40, kila mtikisiko nao unakuwa mara 40. Pigo la moyo wako kwenye kidole linaonekana. Upepo wa Mackinder's Valley ukipiga hizo miguu za plastiki, hutaona pembe wala mdomo wa ndege, utaona mnyama anacheza gengetone. Mimi ningechukua skopu ya kawaida kwa tripodi ngumu kuliko skopu ya mfalme kwa tripodi ya takataka, na sitabadilisha mawazo.

Tripodi ya maana: ukiifungua na kubonyeza juu kwa mkono, haizami wala haijipindi. Ile nguzo ya katikati usiivute juu, hapo ndipo mtikisiko unaanzia. Fungua miguu minene kwanza, ile myembamba ya chini iwe ya mwisho. Upepo ukizidi, kaa chini, fupisha miguu, ning'iniza begi lako katikati, lakini liguse ardhi kidogo lisibembee. Kaboni ni nyepesi kwa kupanda na inatuliza mtikisiko haraka, ila ni ghali. Aluminiamu iko sawa, mabega tu ndio yatalalamika. Kichwa chukua kile cha video chenye mkono, kinachoteleza polepole. Kile cha duara ukikilegeza, skopu inaanguka mbele kama mlevi.

Ya kupinda au iliyonyooka? Ukiwa na wageni, ya kupinda, basi. Mrefu na mfupi wote wanaangalia bila kugusa tripodi. Na iwe imezibwa maji, kwa sababu ukungu wa Aberdare hauombi ruhusa.

Najua jibu lenu: "Hizo ni za matajiri." Sawa. Basi nunueni bainokula nzuri ya 8x42 au 10x42 na tripodi ngumu, muifunge juu. Mtaona zaidi ya huyo mwenye mara 300, na chama ikipata pesa ya skopu, tripodi tayari iko.

Na mkienda dukani bebeni rula. Pima kioo cha mbele. Kisha elekeza chombo kwenye mwanga, kishike mbali na uso, uone kile kiduara cha mwanga kwenye kioo cha nyuma, ukipime. Gawanya cha mbele kwa cha nyuma. Kama mbele ni 40 na nyuma ni 5, chombo kinavuta mara 8, hata kama boksi limeandikwa 300. Fanyeni hivyo mbele ya muuzaji, wateja wengine wakiwa hapo.