Kileleshwa isiwe mtaa wa wenye nacho pekee

Kuna dhana iliyoota mizizi katika miji yetu kwamba matembezi ni anasa ya matajiri, na kwamba mwalimu wa mshahara wa kawaida au mwanafunzi asiye na kitu mfukoni hana budi kujifungia nyumbani siku ya Jumamosi hadi Mola atakapomfungulia milango ya riziki. Dhana hiyo si ya kweli, tena ina madhara. Leo nataka kuipinga, na mtaa nitakaoutumia kuwa mfano ni Kileleshwa, ulio kilomita chache tu magharibi ya kitovu cha jiji la Nairobi.

Najua wako watakaoshangaa. Kileleshwa? Si ndio ule mtaa wa majumba marefu yenye lifti, mabawabu wa sare na malango yafunguliwayo kwa umeme? Naam, ndio huo huo. Hata hivyo, mtaa huo una mambo mawili ambayo mtu wa kipato kidogo anaweza kuyafurahia pasipo kukopa: bustani ya miti iliyo mpakani mwake, na vibanda vya chakula vilivyo kandokando ya barabara zake. Nashikilia kwamba mambo haya mawili ni tunu ya umma, sawa na shule na zahanati, na kwamba tusipoyalinda tutaamka siku moja tukute yametoweka.

Nianze na bustani. Nairobi Arboretum, iliyo kando ya Barabara ya State House, ilianzishwa mwaka wa 1907. Wakati huo reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilikuwa ingali changa, na magari ya moshi yalihitaji kuni nyingi mno ili yaende. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ambayo ingekua upesi katika udongo wa nyanda za juu, ndiyo sababu mbegu na miche ililetwa kutoka pembe mbalimbali za dunia ikapandwa hapo kwa majaribio. Leo hii, katika eneo la hekta 30 hivi, imo miti ya aina zaidi ya 300, ya kigeni na ya kienyeji. Imo mianzi, imo mikaratusi na misonobari mirefu. Wamo kima na tumbili, na ndege wa rangi na sauti tofauti tofauti. Kijito cha Kirichwa Kubwa kinapita humo humo. Ada ya kuingia, inayotozwa na Shirika la Huduma za Misitu, ni ndogo, na mtu akishaipita ile lango anaweza kushinda humo kutwa nzima bila ya mtu yeyote kumuuliza atanunua nini.

Jambo hilo la mwisho si dogo. Katika jiji letu, takriban kila mahali penye kivuli na kiti pana bei yake. Ukiketi mkahawani, muda si muda mhudumu amekusimamia. Ukisimama mbele ya duka, bawabu anakutazama kwa jicho la shaka. Mahali ambapo binadamu anaruhusiwa kuwa binadamu tu, bila kuwa mteja, pamekuwa haba kama maji ya kiangazi.

Walimu wenzangu, bustani hiyo ni darasa lililo tayari. Mwalimu wa sayansi anaweza kuwaonyesha wanafunzi tofauti ya majani na magome bila picha ya kitabuni. Mwalimu wa historia anaweza kuuliza ni nini kilichouleta mkaratusi wa Australia hadi Nairobi, na jibu litampeleka moja kwa moja kwenye reli na ukoloni. Naye mwalimu wa Kiswahili? Insha za wanafunzi wetu zimejaa ndege waimbao mitini kila kunapokucha, ilhali waandishi wake hawajui jina la hata ndege mmoja. Waketishwe nyasini kwa muda wa nusu saa, waambiwe waandike wanachokiona na kukisikia wao wenyewe, na tutastaajabu jinsi maneno yao yatakavyopata uhai. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa katika shule zetu mwaka wa 2019, unatutaka tumfunze mtoto kwa kutenda na kuona. Hatuwezi kudai kwamba tunautekeleza ikiwa ziara pekee tuijuayo ni ile ya basi la kukodi kwenda mbali, ambayo nusu ya wazazi hawawezi kuilipia na ambayo mtoto wa maskini hubaki nyuma akiihadithiwa na wenzake siku ya Jumatatu.

Kufika huko si kazi. Mwanafunzi wa bewa la Chiromo atakwenda kwa miguu. Atokaye katikati ya jiji anaweza pia kutembea kupitia Barabara ya State House, au akapanda matatu ya nambari 48 iendayo Kileleshwa. Anayebeba chakula na akibebe katika kopo la kurudi nalo nyumbani, kwa kuwa tangu Juni 2020 ni marufuku kuingiza plastiki za kutumiwa mara moja katika misitu na mbuga zilizohifadhiwa.

Na yule asiyebeba chakula? Hapa ndipo linapokuja suala la vibanda. Mgeni wa Kileleshwa akiangalia barabara kubwa tu, ataona mikahawa ambayo kikombe kimoja cha kahawa kinapita posho ya siku nzima ya mwanafunzi. Lakini akijipenyeza katika barabara za ndani, penye majumba yanayojengwa, atawakuta akina mama na vijana walioinjika sufuria chini ya paa la mabati. Hapo pana githeri, pana ugali kwa sukumawiki, pana matumbo, pana chapati kwa maharagwe ambayo vijana huyaita madondo, na chai ya maziwa na mandazi kwa aliyechelewa kustaftahi. Mtu hula akashiba kwa pesa zisizofikia bei ya kile kikombe cha kahawa nilichokitaja.

Mimi ni mteja wa vibanda hivyo, wala sioni haya kulisema. Ninachokipenda zaidi ya chakula ni benchi. Kwenye benchi moja la mbao utamkuta fundi wa mawe mwenye vumbi la saruji nyusini, bawabu aliyetoka zamu ya usiku, karani wa ofisi aliyelegeza tai, mwalimu na mwanafunzi. Hakuna anayeuliza nani ni nani. Mwenye kibanda anawajua kwa majina, na ana daftari lake dogo la wale watakaolipa mwisho wa mwezi. Sijui mahali pengine katika mtaa huo ambapo watu wa hali hizo zote huketi bega kwa bega wakazungumza juu ya bei ya unga.

Wanafunzi wa vyuo wanaifahamu thamani ya jambo hili kuliko wengi. Katika miaka ya 1990, vyuo vikuu vya umma vilipoacha kuwalisha wanafunzi na badala yake kila mmoja akatakiwa kuilipia sahani yake, ni vibanda vya jirani vilivyowasaidia wengi kumaliza masomo. Madaktari na mawakili wengi wanaojivunia vyeo vyao leo walisomeshwa na mzazi, mkopo wa serikali na sufuria ya mama wa kibandani.

Sasa hatari iko wapi? Iko katika namna mtaa wenyewe unavyobadilika. Zamani za ukoloni, mitaa ya magharibi ya Nairobi ilitengewa Wazungu. Mwafrika aliyeonekana huko alikuwa mpishi, yaya au mtunza bustani, na mwanamume alilazimika kubeba kipande. Baada ya Uhuru, Kileleshwa ilijulikana kwa nyumba zisizo za ghorofa zenye viwanja vipana, nyingi zikikaliwa na watumishi wa serikali. Katika miongo miwili iliyopita nyumba hizo zimebomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pake pamesimama majengo ya ghorofa kumi na zaidi.

Silaumu ujenzi kwa kuwa ni ujenzi. Watu wanaongezeka na lazima walale mahali. Lakini tazama mkondo wa mambo. Ujenzi unapoanza, vibanda huja kwa sababu mafundi lazima wale. Kwa miaka miwili au mitatu mama wa kibandani huwalisha wale wanaopandisha ghorofa. Jengo likishakamilika na kupakwa rangi, ghafla kibanda huitwa uchafu. Hulalamikiwa, hupewa siku chache, na mwishowe hubomolewa alfajiri. Aliyewalisha wajenzi hana nafasi kivulini mwa jumba alilolijenga kwa mwiko wake. Wafagiaji, mayaya na mabawabu wa jumba hilo hilo hubaki wakitafuta pa kula. Kipande kilikwisha zamani, lakini bei imeketi pale kilipokuwa.

Wako watakaonijibu kwamba vibanda huleta maradhi na huziba njia za waendao kwa miguu. Hoja hizo ni nzito na sitazipuuza. Kipindupindu kimezuka Nairobi zaidi ya mara moja, na chakula kilichopikwa kwa maji machafu hakichagui maskini wala tajiri. Vilevile, mtoto wa shule anayelazimika kushuka barabarani kati ya magari kwa sababu njia imejaa meza, ana haki ya kulalamika. Lakini dawa ya maji machafu ni mfereji wa maji safi, na dawa ya njia iliyozibwa ni kupanga mahali pa kuuzia. Tingatinga halitibu maradhi. Humhamisha tu mpishi yule yule kwenye uchochoro mwingine, akiwa maskini zaidi, na maji yakiwa machafu zaidi.

Wala hatuhitaji kubuni jambo jipya. Bustani ya Forodhani katika Mji Mkongwe wa Unguja ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka wa 2009. Bustani ilipendezeshwa, taa zikawekwa, njia zikatengenezwa, na wachuuzi wa chakula wakapewa mahali pao. Kila jioni hupanga meza zao za mishikaki, urojo na maji ya miwa, na mwenyeji na mgeni hukutana hapo. Singapore nayo, katika miaka ya 1970, iliwaondoa wachuuzi barabarani kwa kuwajengea vituo vyenye maji, mitaro na meza, na mwaka wa 2020 utamaduni huo wa chakula cha bei nafuu ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu. Kilichoonwa kuwa aibu mahali pengine, wao wamekifanya fahari.

Hapa kwetu, Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kusimamia bustani na sehemu za burudani, pamoja na masoko na leseni za biashara. Kaunti ya Nairobi yenyewe imekwisha kukiri kwamba chakula cha bei nafuu ni jambo la umma, kwani mwaka wa 2023 ilianzisha mpango wa kuwalisha watoto wa shule, ambapo mwanafunzi hulipa shilingi 5 kwa mlo. Ikiwa mtoto wa darasa la tatu anastahili kufikiriwa hivyo, kaka yake aliye chuoni na mwalimu wake wanakosa nini?

Kwa hivyo natoa rai tatu. Kwanza, kaunti itenge katika kila mtaa, Kileleshwa ikiwamo, mahali pa vibanda penye bomba la maji, choo na pipa la taka, kisha iwatoze wenye vibanda ada wanayoimudu na kuwadai vyeti vya afya bila ya hongo wala vitisho. Pili, kila mwenye kuomba kibali cha kujenga jumba kubwa aulizwe watumishi wa jumba hilo watakula wapi, kama anavyoulizwa magari yataegeshwa wapi. Tatu, walimu wakuu wapange ziara za karibu kila muhula, za nauli ya matatu na ada ya lango, ili pasiwe na mtoto atakayeachwa nyuma.

Nanyi wanafunzi, msingoje kupangiwa. Mahali pa umma pasipotumiwa huonekana pa bure, na pa bure hunyakuliwa. Mwaka wa 1989 ulikuwapo mpango wa kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na ni Profesa Wangari Maathai na wenzake waliosimama kidete hadi ukasahauliwa. Walikejeliwa na kutukanwa, lakini bustani ikabaki. Anayekwenda Arboretum na kitabu chake siku ya Jumamosi, kisha akala chapati kwa maharagwe kibandani, naye anashuhudia kwa miguu yake kwamba mahali hapo pana wenyewe.

Wahenga walinena kwamba kizuri kula na nduguyo. Kileleshwa ni mtaa mzuri. Wenye majumba na wale wapitao kwa miguu waule uzuri huo pamoja.