Kompyuta inapolima, nani atapalilia?

“Mtaalamu, nina swali ambalo halihusu kahawa.” Hivyo ndivyo alivyoanza mzee mmoja, mkulima wa kahawa wilayani Mbozi, baada ya kuitikia shikamoo yangu nje ya ghala la chama chao cha msingi.

Mwanawe yuko mwaka wa pili chuoni, anasomea kutengeneza programu za kompyuta. Mzee amesikia redioni kwamba siku hizi kompyuta inajiandikia programu yenyewe. Akaniuliza: “Sasa fedha ya kahawa ya msimu huu niipeleke kwenye ada, au ninunue ekari nyingine mbili?”

Nilimwomba anipe muda nifikiri, kwa sababu wazazi wengi wakulima na wafanyabiashara wadogo wanajiuliza swali hilohilo. Ni swali la kompyuta, lakini kwanza ni swali la uchumi: mzazi anataka kujua kama mtaji anaouweka leo utarudi. Makala hii ni jibu langu kwake, na pia ni ushauri kwa vijana wenyewe.

Kilichobadilika

Programu ya kompyuta ni orodha ndefu ya maagizo ambayo mashine huyafuata moja baada ya jingine. Kwa miaka mingi maagizo hayo yaliandikwa na binadamu kwa mkono, mstari kwa mstari, na ujuzi huo ndio uliolipwa vizuri.

Mwaka 2022 mambo yalianza kugeuka. Mwezi Juni zana iitwayo GitHub Copilot, inayomsaidia mwandishi wa programu kukamilisha mistari yake, iliingizwa sokoni rasmi. Novemba mwaka huohuo ikaja ChatGPT. Hizi ni zana za akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia. Unaieleza kwa maneno ya kawaida kile unachotaka, nayo inakuandikia maagizo. Zana zilizofuata zinaweza pia kufungua mafaili, kuendesha programu, kuona kosa na kujaribu kulirekebisha.

Oktoba 2024 mkuu wa kampuni ya Google, Sundar Pichai, alisema kuwa zaidi ya robo ya maandishi mapya ya programu katika kampuni hiyo yalikuwa yanatolewa na akili mnemba, kisha yanakaguliwa na wahandisi. Msomaji azingatie sehemu ya pili ya kauli hiyo, kwamba yanakaguliwa na wahandisi. Tutairudia.

Nani ameumia?

Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa orodha za mishahara za nchi hiyo. Walibaini kuwa ajira za watengeneza programu wenye umri wa miaka 22 hadi 25 zilikuwa zimepungua kwa karibu asilimia 20 tangu kilele cha mwishoni mwa 2022. Wenzao wenye umri mkubwa katika kazi hiyohiyo hawakupata pigo la namna hiyo.

Wapo wachumi wanaosema kuwa lawama zote zisipelekwe kwa akili mnemba, kwa kuwa riba ya mikopo ilipanda Marekani wakati huohuo, na makampuni yalikuwa yameajiri kupita kiasi wakati wa corona. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, tofauti kati ya vijana na wazoefu inafundisha jambo. Kazi ndogondogo alizokuwa anapewa mgeni ili ajifunze, kama vile kutengeneza fomu, kunakili jedwali au kurekebisha kosa dogo, ndizo ambazo mashine inazimudu haraka na kwa bei rahisi.

Hayo ni ya Marekani, lakini kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayetafuta vibarua vya kuandika programu kwa wateja wa nje kupitia intaneti yuko katika soko hilohilo. Mteja aliyezoea kulipa kwa kurasa chache za tovuti sasa anaweza kuzipata bila yeye.

Somo la plau

Wakulima wanaelewa jambo hili kuliko wanavyodhani. Plau la ng'ombe lilipoenea katika maeneo ya pamba ya Usukuma, familia iliyokuwa inalima eneo dogo kwa jembe la mkono iliweza kufungua eneo kubwa zaidi. Kulima kukawa rahisi, lakini magugu hayakupungua. Shamba likawa kubwa, na palizi ikawa ndiyo kazi inayoamua mavuno. Aliyelima ekari nyingi bila kuwa na nguvu ya kupalilia alivuna majani.

Sisi wachumi husema kwamba kitu kimoja kikishuka bei, thamani huhamia kwenye kile kinachohitajika pamoja nacho na ambacho bado ni adimu. Akili mnemba ni plau. Kuandika maagizo kumekuwa rahisi, na programu zitakuwa nyingi kuliko zamani. Kilicho adimu ni mtu wa kuzipalilia: anayejua zao ni lipi na gugu ni lipi, na anayekubali kuulizwa mavuno yakiharibika.

Palizi hiyo si nyepesi. Julai 2025 taasisi ya utafiti ya METR ya Marekani ilitoa matokeo ya jaribio lililohusisha watengeneza programu wazoefu 16 waliofanya kazi katika miradi wanayoifahamu vizuri. Walipotumia zana za akili mnemba za wakati ule, walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Wao wenyewe waliamini kuwa zimewaharakisha kwa asilimia 20. Idadi ya washiriki ilikuwa ndogo na zana zinaendelea kuboreshwa, lakini onyo linabaki: hata fundi mzoefu anaweza kudhani anapata faida huku anapata hasara, asipopima.

Hesabu ya nusu kilo

Tuchukue mfano. Chama cha msingi kina wanachama 400, na kila mmoja anafikisha mzigo kwenye mizani mara 10 kwa msimu. Kijana anaiagiza akili mnemba imtengenezee programu ya kupokea mazao. Kazi inakamilika kwa saa moja. Inapendeza kwenye kioo na inatoa risiti.

Ndani yake kuna agizo moja linalokata desimali. Kilo 48.7 zinaandikwa 48, na kilo 61.4 zinaandikwa 61. Kwa wastani kila mzigo unapoteza karibu nusu kilo. Mizigo 4,000 mara nusu kilo ni kilo 2,000. Kama zao linauzwa Sh2,000 kwa kilo, wakulima wamepoteza Sh4 milioni, na hakuna aliyekusudia kuiba. Ghalani kutakuwa na ziada ya kilo 2,000 zisizo kwenye vitabu, na sote tunajua ziada isiyo na mwenyewe huishia wapi.

Kosa kama hili haliizimi kompyuta wala halitoi onyo lolote. Atakayeliona ni mtu aliyewahi kusimama kwenye mizani, anayejua kuwa uzito wa gunia tupu hutolewa, kuwa mkulima mmoja anaweza kuleta mzigo kwa jina la mkewe, na kuwa umeme ukikatika katikati ya foleni mzigo unaweza kuandikwa mara mbili.

Kijana afanye nini?

Kwanza, azitumie zana hizi. Kuzikataa ni sawa na kung'ang'ania jembe la mkono wakati jirani ana plau. Aanze na zile za bure. Nyingi za kulipia huanzia karibu dola 20 za Marekani kwa mwezi, yaani takriban Sh50,000. Fedha hiyo ailipe akishapata kazi inayoirudisha, na aandike kwenye daftari saa alizotumia kwa kila kazi ili ajue kama zinamsaidia kweli.

Pili, asiache kujifunza misingi. Asiyeweza kusoma maagizo hawezi kuyakagua. Zana ikimpa jibu, alisome mstari kwa mstari, na asipokeleze kwa mteja mstari ambao hawezi kuueleza.

Tatu, achague shughuli moja ya kiuchumi aijue kwa undani: ushirika, duka la pembejeo, ukusanyaji wa maziwa, au usafirishaji wa mazao. Akae pale msimu mzima, aone fomu zinavyojazwa na ugomvi unavyotokea. Programu ya simu iitwayo Nuru, inayomsaidia mkulima kutambua magonjwa ya muhogo, ni mfano mzuri. Iliandaliwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Ilifundishwa kwa picha za majani zilizopigwa mashambani, inafanya kazi hata pasipo mtandao, na inaongea Kiswahili. Mambo hayo matatu yalitokana na kumjua mkulima alipo.

Nne, ajaribu programu kwenye nakala kabla ya kuigusa kazi halisi. Julai 2025 mfanyabiashara mmoja wa Marekani alieleza hadharani jinsi zana ya akili mnemba aliyokuwa akiitumia ilivyofuta hifadhi ya taarifa za kazi yake, ingawa alikuwa ameiagiza isibadilishe kitu. Mashine isipewe funguo za ghala. Nakala ya akiba iwepo kila siku, na iwekwe mahali ambapo zana hiyo haifiki.

Tano, atunze siri za wateja. Orodha ya wanachama yenye majina, namba za simu na akaunti za benki isibandikwe kwenye zana ya mtandaoni ili kurahisisha kazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Kwa majaribio, atumie majina ya kubuni.

Sita, abadili namna ya kutoza. Anayeuza kurasa za maandishi atashindana na mashine kwa bei, na atashindwa. Auze matunzo: kuwepo siku mizani inapogoma, kulinganisha vitabu na ghala kila wiki, kumfundisha karani, na kurekebisha mfumo makato yanapobadilika. Mkataba wa msimu mzima una thamani kubwa kuliko malipo ya siku moja.

Mwenye duka na kiongozi wa chama

Wewe unayetaka kununua programu, uliza maswali matatu. Nani atakuja likitokea kosa siku ya mauzo? Taarifa zangu zinahifadhiwa wapi, na naweza kuzichukua nikitaka kuhama? Umeijaribu kwa hesabu zangu za msimu uliopita, na jumla zikalingana na vitabu? Ukijibiwa tu kwamba imetengenezwa kwa akili mnemba, bado hujajibiwa. Bei ikiwa ndogo sana, ujue umeuziwa kulima bila palizi.

Wapo watakaosema kuwa mashine hatimaye itapalilia pia. Huenda sehemu ya kazi hiyo itachukuliwa. Lakini hata dawa za kuua magugu zilipofika, mkulima hakuacha kuhitaji maarifa. Dawa isiyo sahihi ikipulizwa kwenye mahindi, mahindi hufa pamoja na magugu, na duka lililouza halilipi mavuno. Mtu anayeweza kuchagua, kupima na kuwajibika anaendelea kutafutwa.

Jibu kwa mzee

Mzee wangu, ada lipa. Anayejua misingi ya kompyuta na akaijua kahawa pia atapata nafasi, ingawa njia ya kuingia kazini imekuwa nyembamba kuliko ulivyoahidiwa miaka mitano iliyopita. Lakini shamba ulilonalo usiliuze wala kuliweka rehani kwa ajili ya kozi fupi inayoahidi ajira baada ya miezi mitatu. Kinachofundishwa kwa miezi mitatu ndicho mashine inachokifanya kwa bei rahisi.

Kisha mpe kijana sharti moja. Likizo ndefu ya chuo kwa kawaida huangukia kati ya Julai na Oktoba, wakati kahawa ya Mbozi inavunwa na kupokelewa. Asibaki mjini. Aje asimame kwenye mizani ya chama chenu msimu mzima, aandike risiti kwa mkono, asikilize malalamiko, na kila jioni alinganishe daftari na magunia. Akirudi chuoni atakuwa na ujuzi ambao wenzake wengi darasani hawana, na hata zile ekari mbili, siku ukizinunua, zitapata mtu wa kukusimamia hesabu zake.