Njiti asihukumiwe na mizani pekee

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, hupungua uzito siku za mwanzo. Ni kawaida, lakini katika wodi nyingi mizani ikishuka tu, ndugu huanza kunong'ona kuhusu maziwa ya kopo, na mama huamini kwamba maziwa yake hayafai. Hapo ndipo tunapokosea. Kabla ya takribani wiki 34 njiti wengi hawawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Wanalishwa kwa mrija. Kinachokosekana mara nyingi ni msaada wa kukamua: mama akamue mapema, usiku na mchana, hata kama ni matone machache ya dang'a ndani ya bomba la sindano. Matone hayo humkinga mtoto na ugonjwa hatari wa kuoza utumbo, ambao huwapata zaidi njiti wanaopewa maziwa ya kopo.

Wapo watakaosema, na wana hoja, kwamba kuna njiti wasioongezeka uzito hata wakipewa maziwa ya mama ya kutosha. Hao wapo, na daktari anaweza kuagiza maziwa ya mama yaongezwe virutubisho, au maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa, kama yanayotolewa na benki ya maziwa ya mama ya hospitali ya Pumwani, Nairobi, tangu 2019. Maziwa ya kopo yabaki hatua ya mwisho. Tunaziomba hospitali ziwape akina mama hawa kitanda karibu na watoto wao, chakula cha kutosha, na muda wa kuwabeba kifuani ngozi kwa ngozi.