Sumu isiyo na rangi ipewe rangi: tunachodai Kamituga

Wandugu wa Kamituga, wa Kitutu, wa Mwenga, na ninyi wa Bukavu mnaonunua dhahabu yetu bila kuuliza ilipitia mikono ya nani,

Leo tunataka kuongelea kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Ni tone la zebaki, ile ambayo hapa kwetu wengi wanaiita merkire. Tuliliona likianguka chini mbele ya nyumba, pembeni ya beseni ya mama mmoja aliyekuwa anakanda mchanga wake ili dhahabu ishikamane. Chupa aliyoibebea ilikuwa ya dawa ya kikohozi, karatasi ya dawa bado imebandikwa juu. Tone likagawanyika, matano, sita, yakakimbia sawa vile yako na uhai. Mtoto wake akacheka, akaanza kuyafukuza na kidole. Tukamwambia: "Mama, ile ni sumu." Akatujibu bila hasira: "Sumu gani yenye kung'aa hivi? Mimi naitumiaka tangu miaka, sijakufa."

Jibu hilo limetusumbua kuliko hotuba zote tulizosikia juu ya mazingira. Juu mama huyu si mjinga. Anasema kile macho yake yanamwonyesha. Tangu utoto tumefundishwa kuogopa kinachooza, kinachonuka, kinachogeuka rangi. Nyama mbaya inanuka. Maji machafu yanaonekana. Lakini sumu zilizoingia katika muji wetu pamoja na dhahabu hazifuati sheria hiyo. Moja inang'aa kama pete. Ingine iko safi kama maji ya kunywa.

Tueleze vizuri. Zebaki unaiona ikiwa tone. Ni nzito, karibu mara 13 na nusu kuliko maji ya kipimo kimoja, ndiyo maana inashuka haraka katika nyufa za sakafu na katika udongo. Lakini hata pasipo moto, katika joto la kawaida la chumba, inageuka mvuke polepole, na ule mvuke hauna rangi wala harufu. Unapochoma ile donge ya dhahabu juu ya mbabula, mvuke unatoka wote kwa mara moja. Anayepumua hakohoi palepale. Mikono inaanza kutetemeka baadaye, kichwa kinauma, usingizi unapotea, na kufika siku ile hakuna anayekumbuka chupa ya dawa ya kikohozi. Watasema ni uchawi, ao ni uzee.

Sianidi ni habari ingine. Mchanga ambao mama zetu wamekwisha kutwanga na kuosha, sasa unarudiwa katika mabwawa ya sianidi, juu bado kuna dhahabu ambayo zebaki haikuishika. Maji yale hayana rangi. Ikiwa bwawa linavuja usiku, mwenye kuishi chini ya mteremko ataamka asubuhi, ataona maji yanapita kwenye mfereji wake, na hatakuwa na sababu hata moja ya kuyaogopa. Kuku atakunywa kwanza. Kuku ndiye maabara yetu.

Kuna mtu atasema: basi pimeni maji. Wapi? Kupeleka chupa ya maji Bukavu ni karibu kilomita 180, kwa barabara ambayo wakati wa mvua inakula malori mazima, na tangu mwezi wa pili 2025 Bukavu iko mikononi mwa AFC/M23. Kwa hiyo tuko na macho yetu. Tunasema kwamba hata macho yanaweza kufanya kazi kubwa, ila lazima wenye sumu walazimishwe kuifanya ionekane.

Si wazo letu tulilolitunga chini ya muembe. Tarehe 30 Januari 2000, kule Baia Mare katika inchi ya Romania, ukuta wa bwawa la kiwanda cha dhahabu ulipasuka, na maji kama mita za ujazo 100.000 yenye sianidi yakaingia mito mpaka Danube. Samaki walikufa kwa tani nyingi. Kisha ile, makampuni makubwa yalikaa pamoja na kuandika kanuni ya kimataifa ya sianidi. Ndani yake kuna jambo moja dogo ambalo limetupendeza: maji makali ya sianidi yatiwe rangi. Mara nyingi ni nyekundu. Sababu iko rahisi: yakivuja, kila mtu ayaone. Mfanyakazi ayaone kwenye buti yake, na mlinzi aone mstari chini ya ukuta mbele ya mvua kuufuta.

Basi tunauliza. Kama mzungu wa kampuni kubwa anahitaji rangi ili asikanyage sianidi, mtoto wa kartiye yetu anayepita pale na bido ya maji kichwani haihitaji?

Lakini tusidanganyane, kuona peke yake hakutoshi. Sisi watu wa Kivu ya Kusini tunalijua hili kwa machozi. Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, pale Sange, kwenye barabara ya Uvira, lori la mafuta lilipinduka, petroli ikaanza kumwagika. Ile ilionekana. Ilinuka. Watu walikimbia, ila walikimbia kuielekea, na bido, na sufuria, juu petroli ni franga. Wengine walikuwa ndani ya nyumba wanaangalia Kombe la Dunia. Moto ulipowaka, zaidi ya watu 200 walikufa. Hatuwalaumu hata kidogo. Umaskini ulisoma ile alama vingine: pale ambapo ingesomwa "kimbia", walisoma "chota". Kwa hiyo alama isiyofundishwa si alama.

Na kuna alama zinazokuja wakati umekwisha kupita. Mwaka wa 2021, kati ya mwezi wa saba na wa nane, mto Tshikapa na mto Kasai viligeuka rangi nyekundu. Samaki walielea. Uchafu ulitoka ngambo ya Angola, kwenye mgodi wa almasi wa Catoca. Waziri wa mazingira wa wakati ule, Ève Bazaiba, alitangaza watu 12 waliokufa na maelfu waliougua. Pale mto wenyewe ulikuwa alama, lakini mto ukigeuka rangi ujue sumu imekwisha kufika kwako. Alama tunayoitaka ni ile ya ukutani mwa bwawa, siyo ile ya ndani ya tumbo la samaki.

Hata Minamata, kule Japani, ambako jina la mkataba wa zebaki linatoka, paka ndio walionyesha kwanza. Walikuwa wanakula samaki wa ghuba ile, wakaanza kurukaruka kama wenye kichaa na kufa, na watu wakashangaa tu. Wagonjwa wa kwanza wakatangazwa mwaka wa 1956. Mkataba umeanza kufanya kazi mwaka wa 2017. Hesabuni wenyewe miaka.

Sasa tuseme wazi tunachotaka, na kwa nani.

Kwa wenye mabwawa ya sianidi, wenyeji ao wageni, hatuangalii pasiporo: tieni rangi katika maji makali, na muitie tena ikififia, juu jua linaikula. Pakeni ukuta wa inje rangi nyeupe ya chokaa ili ufa na unyevu vionekane toka mbali. Ndani ya bwawa chorweni mstari mwekundu, na maji yasivuke pale hata siku moja. Mstari huo si mapambo. Hapa kwetu mvua tunaijua. Tarehe 11 mwezi wa tisa 2020 mvua iliingia katika mashimo hapa Kamituga na kutuzikia ndugu zetu 50 na zaidi. Mvua yenye nguvu ile inashindwa nini kujaza bwawa lisilo na paa? Tena kuna hatari ingine ambayo wengi hawaijui: sianidi inahitaji chokaa ya kutosha ili ikae ndani ya maji, na wenye kazi wanashika kipimo cha pH juu ya 10 na nusu. Mvua ikipunguza nguvu ya chokaa, sianidi inaanza kutoka kama gazi, na gazi ile inaua. Karatasi ndogo ya kupima, ile inayogeuka rangi, inatosha kumwonyesha mfanyakazi kwamba chokaa imepungua. Karatasi zile ziwe pale, na kijana anayelala pembeni ya bwawa kwa mshahara wa taabu afundishwe kuzisoma.

(Mmoja wetu anafundisha kemia. Wanafunzi wake hawana karatasi zile, kwa hiyo wanachemsha maua mekundu ya ngai-ngai. Ukitia limau, maji yanawaka mekundu; ukitia maji ya chokaa, yanageuka kijani. Watoto wanapiga makofi. Haipimi sianidi, tusidanganye mtu, ila inafundisha kwamba rangi inaweza kuwa neno.)

Kwa wanaouza zebaki, na wote tunawajua, juu mara nyingi anayenunua dhahabu ndiye anayeitoa: muache chupa za dawa na chupa za soda. Chupa iwe ngumu, ifungwe vizuri, iwe na alama ya fuvu kubwa kuliko jina la duka. Asiyejua kusoma anajua fuvu.

Kwa mama twangaise na wachimbaji, hapa hatudai, tunaomba. Kazi ya merkire ifanyikie juu ya sinia pana yenye rangi ya giza, siyo juu ya udongo, na siyo katika sinia ya chakula. Ikianguka, zimeni taa ao fungeni mlango kidogo, muwashe torshi ya kichwa ile ya shimoni, muilaze chini karibu na sakafu: matone yatang'aa kama macho ya paka. Musifagie, ufagio unayavunja kuwa madogo zaidi. Yasukumeni pamoja na karatasi ngumu mbili, muyatie katika chupa yenye maji kidogo, kisha fungueni milango upepo upite. Ukipata unga wa salfa, nyunyiza mahali pale: ule wa manjano ukigeuka kahawia, ujue zebaki bado iko. Watoto na wenye mimba watoke mbele ya yote hayo. Na kuchoma ndani ya nyumba, tafazali, hapana.

Tunajua mipaka ya haya. Rangi itaonyesha kuvuja, haitaonyesha sianidi iliyokwisha kuchanganyika na mto. Torshi itaonyesha tone, haitaonyesha mvuke. Na zebaki iliyokwisha kuingia katika samaki hakuna jicho litakaloiona, iwe la mchimbaji ao la waziri. Kwa hiyo mtu asituambie kesho: "Tumewapa rangi, nyamazeni." Vipimo vya maji tunavitaka pia. Rangi ni ya kesho asubuhi. Maabara ni deni.

Leta nayo iko na kazi yake. Katiba, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi. Kifungu cha 54 kinasema sheria ndiyo inapanga namna ya kuweka na kutupa takataka zenye sumu za viwanda na za kazi za mikono, na kwamba uchafuzi wote unaotoka katika kazi ya kutafuta mali lazima ulipwe. SAEMAPE, iliyoundwa kwa kusaidia wachimbaji wadogo, inajua njia ya kila shimo siku ya kukusanya. Tunaomba ijue njia ile siku ingine pia, na ndoo ya chokaa na burashi.

Wengine wanatuuliza: "Mnataka wafunge machimbo?" Hapana. Sisi ni watoto wa machimbo. Tangu wakati wa MGL, kisha SOMINKI, muji huu umekula dhahabu asubuhi na mangaribi. Mashine za kusaga zilipokuja kuwachukulia mama twangaise kazi, tuliona njaa ilivyoingia nyumba ngapi. Hatutaki kupokonya mtu beseni. Na kwa wale wanaosema sasa ni wakati wa vita, tungoje amani: bwawa halingoji amani ili livuje. Tena mnakumbuka mpox? Tangu mwezi wa tisa 2023 ilituingilia hapa, katikati ya vita na umaskini uleule, na kila mtu mpaka mtoto alijifunza kuangalia ngozi na kusema "hii si upele wa kawaida, tuende hospitali". Hakuna aliyesema tungoje.

Kwa upande wetu tunaanza na mifereji. Siku ya mosi, kisha salongo, tutapita chini ya kila bwawa tunalolijua, mchana, bila kuingia kwa mtu, na kuandika mambo matatu katika daftari: kama ukuta umepakwa, kama mstari upo, kama maji yana rangi. Daftari tutaliacha kwa shefu wa kartiye, nakala moja kwa meya, nakala moja hapa. Mwenye bwawa anayetaka tuje mbele ya siku ile atuite, tutakuja na chokaa yetu.